Imani Iliyopotea na Imani Iliyobaki: Historia ya Neno Moja Nchini Rwanda

Utangulizi

Sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Kigali hukutana mara kwa mara na neno ambalo wanafunzi hulisoma upesi na kulipita, kumbe limebeba sehemu kubwa ya historia ya nchi hii. Neno hilo ni imani. Hutokea katika ufahamu, katika riwaya, katika hotuba na katika insha. Mwanafunzi huandika "imani ni kumwamini Mungu", mwalimu hutia alama ya vema, na somo huendelea.

Katika makala haya tunakusudia kusimama kidogo kwenye neno hilo. Tutalitazama kwanza kama walimu wa lugha, kisha tutalitumia kutazama jambo ambalo halizungumzwi sana darasani wala barazani: kupotea kwa imani ya dini miongoni mwa Wanyarwanda wengi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na namna watu hao walivyopata maana nyingine ya kuishi. Hatukusudii kubishana juu ya kuwepo au kutokuwepo kwa Mungu. Hilo si somo letu. Tunachodai ni kwamba historia ya Rwanda imetuonyesha wazi kuwa maana mbalimbali za neno imani zinaweza kutengana, na kwamba aliyepoteza moja huenda ameishika nyingine kwa mikono miwili.

Neno na ndugu zake

Imani ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili lina ndugu wengi: amini, mwaminifu, muumini, amani na amana. Ukoo wote huu unahusu usalama na kutegemeana. Anayeamini huona yu salama kumtegemea mwingine; mwaminifu ni mtu wa kutegemewa; amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze mpaka mwenyewe atakapokihitaji.

Ndani ya neno imani lenyewe mna maana tatu ambazo msemaji wa Kiswahili huzitumia bila kuzichanganya. Tuangalie mifano:

(a) Ana imani ya Kikristo.
(b) Nina imani na daktari huyu.
(c) Bibi yule ana imani. Alimwonea imani mtoto wa jirani akamlisha.

Katika (a) imani ni itikadi ya dini. Katika (b) ni kumtegemea mtu. Katika (c) ni huruma. Mwanafunzi wa Kinyarwanda anayetafsiri sentensi hizi atahitaji maneno tofauti. Kwa (a) atasema ukwemera akiwa amelelewa Ukatoliki, au ukwizera akiwa Mprotestanti. Kwa (b) atasema icyizere, na kwa (c) impuhwe. Kile ambacho Kinyarwanda kimekiweka katika vikapu mbalimbali, Kiswahili kimekiweka katika kikapu kimoja.

Sasa tutazame maneno tunayotumia kumtaja aliyeacha dini. Tunasema ameritadi, amekufuru, ameasi, amepotea. Tunamwita murtadi au mkanamungu. Kinyarwanda nacho kina umuhakanamana na umupagani. Maneno haya yote yametungwa na yule aliyebaki ndani, akimnyooshea kidole yule aliyetoka nje. Hakuna hata moja linalouliza: mtu huyu alipatwa na nini? Ndiyo maana tunahitaji historia.

Dini iliyoingia kupitia ikulu

Kabla ya wamisionari, Wanyarwanda walimjua Imana, muumba, na majina ya watu bado yanashuhudia hivyo mpaka leo: Hakizimana, Nsengimana, Uwimana na mengine mengi. Palikuwapo pia guterekera, yaani matambiko ya kuwatuliza wazimu wa ukoo, na ibada ya kubandwa iliyomhusu Ryangombe. Methali moja mashuhuri ilisema Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda, maana yake Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Tutairudia methali hii baadaye.

Mapadri Weupe, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, walifika mwaka 1900 na kufungua misioni yao ya kwanza huko Save, kusini mwa nchi. Hapa pana jambo la kuwavutia walimu wa Kiswahili. Kwa kuhofia kwamba jina Imana limechanganyika na matambiko ya zamani, mapadri hao walichukua neno la Kiswahili, Mungu, wakalitia katika mafundisho yao. Kwa miongo kadhaa Wakatoliki wa Rwanda walisali kwa jina hilo la kigeni kabla ya Imana kukubaliwa kanisani. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa ndani ya dini ya wengi tangu mwanzo, ingawa wengi waliamini kwamba ni lugha ya Waislamu peke yao.

Ukristo haukuenea haraka mwanzoni. Mwami Yuhi Musinga alikataa kubatizwa. Mnamo Novemba 1931 Wabelgiji, wakiungwa mkono na Askofu Léon Classe, walimwondoa madarakani, na akafia uhamishoni Kongo mwaka 1944. Mwanawe, Mutara wa Tatu Rudahigwa, alitawazwa badala yake. Watu waliona somo lililokuwa mbele yao. Machifu na watoto wao walimiminika kwenye ukatekumeni, kwa kuwa ubatizo ulikuwa njia ya shule, na shule ilikuwa njia ya cheo. Rudahigwa mwenyewe alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaikabidhi nchi yake kwa Kristo Mfalme.

Hatusemi kwamba wote waliobatizwa walikuwa wanafiki. Wengi waliamini kwa dhati, wakalea watoto wao katika imani hiyo. Tunachosema ni kwamba dini ilifungamana na utawala tangu mapema, na ufungamano huo haukukatika baada ya uhuru wa mwaka 1962. Vincent Nsengiyumva, Askofu Mkuu wa Kigali, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa Kamati Kuu ya MRND, chama pekee cha siasa cha wakati huo. Ilipofanyika sensa ya mwaka 1991, takriban Wanyarwanda tisa katika kila kumi walijitambulisha kuwa Wakristo. Rwanda ilitajwa kuwa miongoni mwa nchi za Kikristo kuliko zote barani Afrika.

Pembeni ya historia hii kubwa palikuwapo historia ndogo ya Biryogo na Nyamirambo. Kigali ilipoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, walikuja askari, wafanyabiashara na mafundi kutoka pwani na bara la Tanganyika. Waliongea Kiswahili na wengi walikuwa Waislamu. Msikiti wa Al-Fat'h huko Nyamirambo huhesabiwa kuwa ulijengwa mwaka 1913. Wenyeji waliwaita Abaswahili, jina ambalo kwa muda mrefu lilimaanisha Mwislamu, na pia, kwa dharau, mtu mjanja asiyeaminika. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni, hivyo watoto wao walipata tabu kusoma na wazazi wao walibaki mbali na ofisi za serikali. Umbali huo ulikuwa na uzito wake mwaka 1994.

Mahali pa kukimbilia

Ili kuelewa jinsi imani ilivyopotea, ni lazima tuelewe jinsi ilivyokuwa imetumika. Katika machafuko ya mwaka 1959 na yale ya miaka ya mwanzo ya 1960, Watutsi waliokuwa wakichomewa nyumba walikimbilia misioni, na mara nyingi walinusurika. Mwezi Machi 1992, mauaji yalipozuka Bugesera, watu walikimbilia kanisa la Nyamata wakaokoka tena. Mwitaliano Antonia Locatelli, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alipaza sauti kuiambia dunia kinachotendeka. Aliuawa kwa sababu hiyo, na kaburi lake liko kando ya kanisa hilo.

Kwa hiyo watu walipokwenda makanisani mwezi Aprili 1994 hawakwenda kwa ujinga. Walikwenda kwa kuwa imani yao, kwa maana ya (a) na ya (b) kwa pamoja, ilikuwa imejaribiwa na kuthibitika. Mzazi aliyemshika mtoto mkono akaelekea kanisani alikuwa akifanya lile ambalo wazazi wake walifanya.

Safari hii kanisa halikuwa kimbilio. Nyamata, wauaji walivunja mlango kwa maguruneti wakaua maelfu ya watu. Ntarama, kilomita chache kutoka hapo, waliuawa watu wapatao 5,000. Nyarubuye, Kibeho na Kibuye hali ilikuwa hiyo hiyo. Huko Nyange, tarehe 16 Aprili, kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu wasiopungua 1,500 waliokuwa ndani. Paroko wake, Athanase Seromba, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikampa kifungo cha maisha. Kabla yake, mwaka 2003, mchungaji wa Kiadventista Elizaphan Ntakirutimana alikuwa amehukumiwa miaka 10 kwa yaliyotokea Mugonero. Mwaka 2001 watawa wawili wa kike kutoka Sovu walihukumiwa nchini Ubelgiji.

Haki inatutaka tutaje na upande mwingine. Tarehe 7 Aprili, siku ya kwanza kabisa, watu 17 waliuawa katika Kituo cha Christus kilichoko Remera, mjini Kigali, wakiwemo mapadri. Huko Gisenyi, Félicité Niyitegeka, aliyekuwa amejitolea maisha yake kwa utume wa kanisa, alikataa kuokolewa peke yake akauawa pamoja na watu aliowahifadhi. Leo ni shujaa wa taifa katika daraja la Imena. Wakristo wa aina hii walikuwapo, na baadhi yao hatutajua majina yao kamwe.

Hata hivyo, kwa manusura mmoja mmoja, hesabu haikuwa ya wema wangapi na waovu wangapi. Hesabu ilikuwa hii: waliokuja na mapanga walikuwa waumini wenzake. Wengine walikuwa wanakwaya, wengine makatekista, wengine wasimamizi wake wa ubatizo. Mwandishi Jean Hatzfeld alipokusanya masimulizi ya manusura wa Nyamata, na baadaye ya wauaji wa eneo hilo hilo, katika vitabu vilivyotoka mwaka 2000 na 2003, suala la Mungu lilijitokeza pande zote mbili. Wauaji walieleza jinsi walivyomweka Mungu kando kwa muda wa kazi ile. Kwa manusura, swali halikuwa na muda wa kwisha.

Hapo ndipo methali ya kale ilipogeuka kuwa swali. Ikiwa Imana hurudi kulala Rwanda, usiku ule alilala wapi? Wanyarwanda wengi wameiuliza, waandishi na watu wa kawaida. Anayeiuliza hakukufuru. Anataka kujua ilikuwaje amana yake haikutunzwa.

Walikokwenda

Baada ya Julai 1994 watu waliotikisika hawakwenda njia moja. Tunaweza kutaja njia nne.

Njia ya kwanza ni ya waliobaki. Wapo walioona kwamba Mungu ndiye aliyewaficha, na imani yao ikazidi. Immaculée Ilibagiza, aliyejificha siku 91 katika choo kidogo cha nyumba ya mchungaji, aliieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 2006 kilichosomwa duniani kote.

Njia ya pili ni ya waliohamia makanisa mengine. Makanisa ya kilokole yalichipuka Kigali kwa wingi, mengine yakiletwa na wakimbizi wa zamani waliorudi kutoka Uganda, Kongo, Burundi na Tanzania. Sensa zinaonyesha jinsi Ukatoliki ulivyopungua: kutoka zaidi ya asilimia 60 mwaka 1991, hadi takriban nusu mwaka 2002, asilimia 44 mwaka 2012, na takriban asilimia 40 mwaka 2022.

Njia ya tatu ni ya waliosilimu, nayo inatugusa sisi wa Kiswahili kwa karibu. Katika mitaa ya Nyamirambo Waislamu wengi waliwaficha majirani zao. Sababu zilikuwa kadhaa: walikuwa wameoleana bila kujali kabila, walikuwa wamebaguliwa kwa muda mrefu kiasi cha kutojiona kuwa sehemu ya siasa za wakubwa, na viongozi wao wengi waliwaonya wasishiriki. Hatuna budi kukumbuka pia kwamba Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la chuki la Kangura, alikuwa Mwislamu. Lakini sifa ya jumla ilibaki. Watu waliosema "sitakanyaga tena mahali walipouawa wazazi wangu" walikwenda msikitini. Magazeti ya nje yaliandika kwamba Waislamu wameongezeka maradufu na hata kutaja asilimia 14, ilhali sensa ya mwaka 2002 iliwahesabu kuwa chini ya asilimia 2. Wanafunzi wetu wa uandishi wajifunze hapo jinsi tarakimu inavyoweza kukimbia mbele ya ukweli. Jambo lenyewe, hata hivyo, lilikuwa la kweli. Jina Umuswahili, lililokuwa la dharau, likaanza kutajwa kwa heshima.

Njia ya nne ni ya walioacha kabisa. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wasio na dini kuwa asilimia 2.5, na ile ya 2022 takriban asilimia 3. Ni wachache kwa karatasi. Lakini sensa huuliza mtu ni wa dini gani. Haiulizi anasema nini moyoni wakati wengine wanasali. Katika jamii ambayo mazishi, harusi, ubatizo na hata mikutano huanza na sala, mtu anaweza kuinamisha kichwa kila Jumapili kwa miaka 30 kwa ajili ya mama mkwe na majirani, huku akijua kwamba kilichokuwa ndani kiliisha mwezi Aprili. Watu hawa hawana chama wala mnara. Hata neno zuri la kujiita hawana, kama tulivyoona.

Taasisi zenyewe zilichukua muda mrefu kuwajibu. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia Wanyarwanda kwamba Kanisa kama Kanisa haliwezi kubebeshwa makosa ya waamini wake waliovunja sheria ya Injili. Waliotenda wawajibike wenyewe. Kwa mwanateolojia hoja hiyo huenda ina mantiki. Kwa aliyempoteza mama yake mbele ya altare haikutosha. Mwezi Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa niaba ya Wakristo walioshiriki, na tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake. Miaka 23 ilikuwa imepita.

Kuvunjika kwa koleo

Mwalimu yeyote wa fasihi ya Kiswahili akizungumzia kupoteza imani atamkumbuka Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyepitia seminari na aliyefariki mwezi Januari 2020. Katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anahoji kuwepo kwa Mungu na thamani ya maisha, na mwishowe anajiua. Kwa miaka mingi tumeisoma riwaya hiyo kana kwamba ni hukumu: ukitoa Mungu, kinachobaki ni kaburi.

Historia ya Rwanda inatupa ushahidi ambao Kazimoto hakuwa nao. Kazimoto alikuwa peke yake na fikra zake. Manusura walikuwa na watoto wa kulisha, wao kwa wao.

Mwezi Januari 1995 wajane 50 walikutana wakaanzisha AVEGA, wakaipa jina la Agahozo. Jina hilo linatokana na kitenzi guhoza, yaani kumbembeleza anayelia mpaka anyamaze. Kwa Kiswahili tungesema liwazo. Wajane hao walikuwa wa makanisa mbalimbali na wengine hawakuwa tena wa kanisa lolote. Hakuna aliyeulizwa. Kilichowaunganisha ni kulea mayatima, kutafuta dawa kwa waliobakwa na kuambukizwa UKIMWI, na kusindikizana mahakamani.

Mwezi Oktoba 1996, katika Chuo Kikuu cha Taifa kilichokuwa Butare, wanafunzi 12 walianzisha AERG, chama cha wanafunzi manusura. Chama hicho kilibuni jambo ambalo kwa maoni yetu ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyowahi kubuniwa na vijana wa nchi hii. Wanafunzi waligawanyika katika familia. Kila familia ilimchagua kijana mmoja awe baba na msichana mmoja awe mama, na waliobaki wakawa watoto. Baba wa miaka 22 aliulizia matokeo ya mitihani ya "mtoto" wa miaka 20. Mama alijua nani hana sabuni na nani halali usiku. Mmoja wao alipooa au kuolewa, ni familia hiyo iliyokaa kwenye viti vya wazazi siku ya mahari. Baadaye utaratibu huo ulienea katika vyuo na shule za sekondari nchini kote, na waliohitimu wakaanzisha GAERG mwaka 2003.

Tukirudi kwenye mifano yetu, tutaona kilichotendeka. Imani ya (a) ilikuwa imevunjika kwa wengi wa vijana hao. Imani ya (b) ilikuwa imevunjika vibaya zaidi, kwani nani angemtegemea jirani tena? Walianza na ile ya (c), kuoneana imani, na kutokana nayo (b) ikaota upya taratibu: nakutegemea kwa sababu jana ulinipa nusu ya sahani yako. Wapo ambao mwishoni walirudi pia kwenye (a). Wapo ambao hawakurudi, nao hawakukosa la kuishi kwa ajili yake. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wengine walipata maana katika kutunza kumbukumbu. Yolande Mukagasana, muuguzi wa Nyamirambo aliyepoteza mume na watoto wake watatu, aliandika ushuhuda wake mwaka 1997, akalea mayatima, na akaanzisha taasisi yenye jina la mtaa wake. Chama cha Ibuka, ambacho jina lake maana yake ni "kumbuka", kilianzishwa mwaka 1995. Kanisa la Nyamata halisaliwi tena; ni mahali pa kumbukumbu, nguo za waliouawa zikiwa juu ya mabenchi, na mwezi Septemba 2023 liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero. Anayefuta vumbi mahali hapo anatunza amana kwa maana kamili ya neno, awe anasali au hasali. Amekabidhiwa na wasioweza kurudi kuidai.

Dini na utu

Kuna hoja moja ambayo wanafunzi wetu huiandika karibu kila mwaka: kwamba mtu asiye na dini hana maadili. Tunaiheshimu kama hoja, lakini tunawaomba waipime kwa historia ya nchi yao wenyewe. Mwaka 1994 nchi ilikuwa imejaa wabatizwa. Huko Ruhango aliishi bibi mmoja, Zura Karuhimbi, aliyejulikana kama mganga wa kienyeji. Wauaji walipomjia, hakuwaonyesha rozari. Aliwatisha kwa ghadhabu ya mizimu, na kuna mimea aliyoipaka nyumbani mwake iliyowawasha ngozi walipoigusa, wakaamini ni uchawi. Watu zaidi ya 100 waliokolewa katika nyumba yake. Mwaka 2006 alipewa nishani ya taifa, na alifariki mwezi Desemba 2018. Katika vitabu vya katekisimu vya zamani, watu wa kazi yake waliitwa watumishi wa shetani.

Félicité wa Gisenyi aliongozwa na Injili. Bibi Zura alitumia mizimu. Waislamu wa Nyamirambo walitaja Kurani. Walichokuwa nacho kwa pamoja Waswahili wanakiita utu, na Wanyarwanda ubumuntu. Dini inaweza kuulea utu, na kwa watu wengi huulea. Lakini utu hauna kadi ya ubatizo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba neno imani lina vyumba vitatu, na kwamba mwaka 1994 kuta kati ya vyumba hivyo zilionekana wazi. Walikuwapo wenye imani wasio na imani, yaani waumini wasio na huruma. Baadaye wakawapo walioitwa wasio na imani ilhali wamejaa imani kwa yatima wasio wao.

Kwa walimu wenzetu tuna mapendekezo matatu. Kwanza, tunapofundisha neno hili tufundishe maana zote, na tuwape wanafunzi nafasi ya kulinganisha na ukwemera, ukwizera, icyizere na impuhwe. Ni somo zuri la semantiki kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Pili, katika insha na mijadala tumtaje aliyeacha dini kwa maneno yanayoeleza hali, kama "aliyeacha dini" au "asiye na dini", na maneno ya hukumu tuyaache kwa mahubiri. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Ni vema kiwe lugha ambayo kila Mnyarwanda anaweza kujieleza ndani yake bila kuhukumiwa na kamusi.

Tatu, tukumbuke kwamba darasani kwetu wapo watoto wa manusura. Walizaliwa baada ya 1994, lakini wamelelewa na watu waliotoka kule. Mmoja wao akiandika kwamba mama yake haendi kanisani, tusiharakishe kuuliza nani amempoteza. Tumwulize kwanza mama huyo aliwalea watoto wangapi, na wangapi kati yao walikuwa wake wa kuzaa.